Asubuhi Korona Iliponyamaza

Kuta za vyumba vya kambini hazikufika juu. Zilipanda hadi kimo cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono, zikaishia hapo, na paa moja la bati lilifunika vyumba vyote vya safu yetu. Ukikohoa chumba cha kwanza, mtu wa chumba cha nne anakupa pole. Mimi niliingia humo nikiwa mke wa miezi michache tu, nimetoka kijiji cha misheni upande wa kusini wa Kisarawe, kwa baba aliyekuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Mume wangu alikuwa fundi wa injini katika shamba la mkonge huko Kibaha, enzi za Mwingereza, na hicho ndicho chumba alichopewa.

Nyumbani kwetu tulilelewa kwamba kuna sala ya wote, ya mezani na ya kanisani, na kuna sala ya mtu peke yake. Baba alikuwa akienda kusali hiyo ya peke yake nyuma ya ghala, asubuhi kabla ya kushika jembe, nasi watoto tulijua tusipite huko mpaka atoke. Kuku wakienda upande ule, mama aliwafukuza. Nilikua nikiamini kwamba Mungu husikiliza vizuri zaidi watu wakinyamaza.

Kambini hakuna aliyenyamaza. Kulipopambazuka tu, msimamizi aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, na baada ya hapo ikaanza korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Ilisimama mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, chini kwenye bonde, lakini sauti yake ilipita kwenye kuta, kwenye kitanda, kwenye meno. Ilianza asubuhi na haikukoma mpaka alasiri. Juu yake ziliongezeka toroli za mkonge kwenye reli, vilio vya watoto, michi kwenye vinu, wanaume wa bara waliokuja kwa mkataba wakiimba nyimbo za kwao. Na juu ya hayo yote ilikuwapo sauti ya jirani yangu.

Jirani huyo alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, mzaliwa wa Kisarawe. Mumewe alikuwa mmoja wa watu wanaolisha korona, yaani wanaopanga majani mezani yaingie kwenye mashine. Yeye alipika uji wa kuuza mlangoni pake, na wateja wake walikuwa wengi kwa sababu ya uji na kwa sababu ya mazungumzo. Sijapata kumwona mwanamke anayezungumza kama yule. Alizungumza akikoroga, akifua, akifagia, na akikosa mtu wa kuzungumza naye alizungumza na sufuria. Mimi aliniita "mke wa fundi," na mimi nilimwamkia kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mke wa fundi! Umeamkaje? Mbona macho yamevimba? Hukulala? Joto hilo! Njoo unywe uji, usinitazame tu."

Hakungoja jibu hata la swali moja.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika chumba kile, mikononi mwa mama huyu. Mtoto aliishi siku tisa. Alikuwa wa kike, na siku ya tisa alifumba macho akinyonya, nami nikadhani amelala. Jirani ndiye aliyemchukua kutoka kifuani kwangu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno machache tu: "Nipe, mwanangu. Nipe sasa." Tulimzika kwenye makaburi ya shamba, na mwalimu wa kanisa kutoka kijiji cha jirani akaja akasoma sala fupi, korona ikilia, hata nusu ya maneno sikuyasikia.

Baada ya hapo nilikuwa na jambo la kumwambia Mungu. Sikujua ni jambo gani hasa. Nilijua tu kwamba nikipata mahali pa kimya, nikapiga magoti, litatoka. Nikaanza kutafuta.

Nilijaribu kisimani, alfajiri, nikakuta wanawake wamenitangulia. Nilijaribu kwenye uwanja wa kuanikia singa, katikati ya zile nyuzi nyeupe zilizotundikwa kama nywele za wazee, lakini kulikuwa na wafanyakazi wanaozigeuza, wakaniuliza nimepotelewa na nini. Mwishowe nikaenda ndani ya mkonge wenyewe, mbali, mahali ambapo mistari ya mimea inafuatana mpaka macho yanachoka. Nilipiga magoti kati ya miiba. Korona bado niliisikia, ila kwa mbali. Nilikuwa nimefumba macho, sijafika mbali na maneno yangu, nikasikia sauti ya mwanamume juu ya kichwa changu.

"Wewe! Unamngoja nani hapa?"

Alikuwa mnyapara, fimbo mkononi. Nilisimama haraka, mwiba ukanichana mkono.

"Simngoji mtu. Nasali."

"Unasali." Alitazama kulia na kushoto, akainama akachungulia mistari yote miwili. "Na yeye anasali wapi?"

Sikuelewa mpaka niliporudi kambini. Maneno yalikuwa yamenitangulia. Wanawake kwenye foleni ya maji walinyamaza nilipofika. Nilihisi damu ikinipanda usoni, nikarudi chumbani na ndoo tupu. Mimi, binti wa mzee wa kanisa, ambaye sikuwahi hata kucheka na mwanamume njiani, nimekuwa mke anayekutana na mtu mkongeni! Mume wangu aliporudi kutoka kazini alikaa kwenye kigoda, akasugua grisi mikononi kwa muda mrefu kabla hajasema.

"Nimeambiwa ulikuwa mkongeni."

"Nilikwenda kusali. Hapa siwezi."

Alinitazama. Sijui alisoma nini usoni kwangu, lakini aliniamini, na namshukuru hadi leo.

"Sali hapa hapa," alisema. "Mimi nasali nikiwa nimeshika kopo la mafuta, na injini inalia. Mungu si mzee wa kijiji hata asisikie."

Niliona ananidharau mimi na baba yangu.

Wiki ile sikutoka tena kwenda popote. Nilifunga mlango, nikapiga magoti kando ya kitanda, na kila nilipoanza, sauti ya jirani ilipita juu ya ukuta. Siku moja ilikuwa habari ya mbuzi wa shemeji yake. Siku nyingine bei ya sukari. Asubuhi ninayotaka kuieleza alikuwa akisimulia harusi ya mpwa wake, jinsi bwana harusi alivyoteleza kwenye tope akiwa na kanzu nyeupe, na wanawake saba au wanane walikuwa wakicheka mlangoni pake mpaka bati linatetemeka. Ilikuwa siku kama arobaini tangu tumzike mtoto. Nilifungua mlango.

"Mama, tafadhali! Wengine humu tunasali!"

Jirani alishika upawa juu ya sufuria, akanitazama bila hasira.

"Sali, mwanangu. Nani kakuziba mdomo?"

Wakacheka, yeye na wenzake, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nilibamiza mlango. Sikupiga magoti. Nilisimama katikati ya chumba, nimekunja ngumi, nikasema kwa sauti: "Bwana, wanyamazishe. Nyamazisha kila kitu. Huwezi hata hilo?"

Nakumbuka maneno hayo kama nilivyoyasema, sikuyapunguza wala sikuyaongeza.

Sijui ulipita muda gani. Labda muda wa kuvua kilemba na kukaa kitandani. Kisha korona ikanyamaza.

Mtu ambaye hajaishi kambini hawezi kujua hilo lilikuwa jambo gani. Ile mashine haikusimama asubuhi. Ilikuwa sehemu ya hewa. Sauti yake ilishuka, ikavuta pumzi ndefu, ikawa haipo. Nje wanawake wakaacha kucheka katikati ya neno. Kisha nikasikia nyayo zikiondoka, nyingi, kwa haraka, zikififia. Nami sikujiuliza zinakwenda wapi.

Nilidhani ni kwa ajili yangu. Hii ndiyo aibu yangu, na ninaiandika kama ilivyo. Mwili wote ulinisisimka, nywele zikanisimama mikononi, nikaanguka magotini nikasema, "Asante. Asante, Bwana. Umenisikia." Na katika kimya kile, kwa mara ya kwanza tangu mtoto afe, maneno yalitoka. Nilimwambia Mungu jinsi mtoto alivyokuwa na kucha ndogo. Nilimwuliza kwa nini siku tisa. Nililia kilio ambacho sikuwa nimekilia makaburini, na nilipomaliza nilikuwa mwepesi, nikasikia njiwa juu ya bati, akitembea. Nilishukuru tena.

Kilichoniinua ni harufu ya kitu kinachoungua.

Nilifungua mlango. Hapakuwa na mtu safu nzima. Kigoda cha jirani kilikuwa kimepinduka, upawa umelala mchangani, na uji ulikuwa umefurika ukazima nusu ya moto na nusu nyingine unauunguza. Kanga yake moja ilikuwa chini, njiani, kama mita ishirini mbele, imekanyagwa. Hapo ndipo nilipofikiri kwa mara ya kwanza: korona imesimama kwa sababu gani? Na aliye na kazi ya kuisimamisha ni nani? Ni mume wangu.

Nilikimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka maji ya mkonge, yale ya kijani yenye harufu ya uchachu, yakinirukia miguuni kwenye mfereji, na watu wengi wamesimama wakinipa migongo. Niliwasukuma. Nilimwona mume wangu amesimama kando ya injini, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko. Vidole vyote vilikuwapo. Alikuwa mzima. Moyoni nikasema asante mara nyingine, kabla sijatazama chini.

Jirani yangu alikuwa ameketi kwenye tope lile la kijani, kichwa cha mumewe mapajani pake. Mtu mmoja alikuwa amemfunga yule mzee mkono wa kulia kwa mkanda na matambara, juu ya kiwiko, na chini ya pale palipofungwa hapakuwa na kitu cha kutazama. Alikuwa na fahamu. Alikuwa akimtazama mkewe. Naye mkewe, yule mama aliyezungumza hata na sufuria, alikuwa amefungua mdomo na hakuna sauti iliyotoka. Hakulia. Hakuita. Watu wote walikuwa kimya, na kimya hicho ndicho nilichokuwa nikisali ndani yake, chumbani, nikishukuru.

Nikakaa chini palepale. Mwanamke mmoja alidhani nimeogopa damu, akanifunika macho kwa kanga yake.

Lori la shamba lililetwa. Walimpakia kwenda hospitali Dar es Salaam, na mkewe akapanda naye, miguu mitupu. Lori lilipoondoka aligeuka akanitazama. Labda hakunitazama mimi, labda alitazama tu upande ule. Mimi nilichukulia kwamba amenitazama.

Kabla ya alasiri korona ililia tena. Waliimwagia maji, wakaweka mtu mwingine mezani, na mume wangu akaamriwa aiwashe, akaiwasha. Jioni hakula. Alikaa kitandani na viatu vyake.

"Jani lilikwama, akaingiza mkono kulivuta," alisema. "Wote hufanya hivyo. Alipiga kelele, nami sikumsikia. Niko hatua kumi, sikumsikia. Aliyenishtua ni mwenzake aliyekuja kunishika bega. Sijui alikuwa amepiga kelele muda gani."

Nilitaka kumwambia yangu. Nikamvua viatu tu.

Yule mzee hakufa. Baada ya majuma machache tukapata habari kwamba ametolewa hospitali na amepelekwa kwao Kisarawe, na mtoto wao mkubwa akaja kuchukua vyombo. Chumba cha jirani kikabaki kitupu. Mchana, upande ule wa ukuta ulikuwa kimya kabisa, na mimi nikawa sisali. Nilijaribu. Kila nilipopiga magoti, shingo ilinikaza, nikaogopa kuomba chochote, hata mvua, hata afya ya mama yangu, nisije nikapewa. Nilianza kukonda. Mume wangu akaniuliza ninaumwa nini, na usiku wa tatu wa kuuliza nikamwambia yote, hata lile neno la "huwezi hata hilo?" Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nenda Kisarawe," alisema. "Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Nilipanda lori la singa mpaka Dar es Salaam, nikalala kwa binamu, na asubuhi nikachukua basi linalopita Pugu na kupanda vilima kwenda Kisarawe. Nilikuwa na kilo ya sukari na kanga mpya mkobani. Njia nzima nilijifunza maneno ya kusema, na niliposhuka karibu na boma nilikuwa nimeyasahau yote. Nilielekezwa nyumba yao, chini ya kilima, katikati ya mihogo.

"Hodi."

"Karibu! Nani huyo? Aa! Mke wa fundi! Ingia, ingia, mbona umekonda hivyo? Huko hamli? Keti hapa, siyo hapo, kuna vumbi. Fundi hajambo?"

Sauti yake ilikuwa imerudi. Nilipoisikia nilianza kulia mlangoni, kabla hata ya kumwamkia. Aliniketisha mkekani. Nyumba ilikuwa imejaa wajukuu, mmoja anapiga debe kwa kijiti, wengine wanagombania muwa. Hakuwafukuza. Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama mkeka: nilivyomkasirikia, nilivyoomba, nilivyodhani, nilivyoshukuru wakati mume wake yumo katika mashine.

Nilipomaliza niliinua macho. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ulishukuru," alisema.

"Nilishukuru, mama."

Alisimama, akaenda uani, akakaa huko. Nilimsikia akimwaga maji, akipanga vyungu. Nikafikiri hatarudi, nikaanza kufunga mkoba wangu. Akarudi, akakaa karibu kuliko mwanzo.

"Nami nikwambie," alisema, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti. "Miaka kumi na moja nilikuwa kwenye shamba lile. Miaka kumi na moja nilikuwa nazungumza ili nisiisikie ile mashine. Nilijua siku ikinyamaza kabla ya wakati wake, moyo wangu utasimama. Nikiwa sizungumzi naisikia imemshika. Kila sala, tano kwa siku, nilimwomba Mwenyezi Mungu amtoe mume wangu pale. Namwambia, Mola wangu, mtoe pale, nirudi naye kwetu." Aliinua kiganja chake akakitazama. "Akamtoa. Nimerudi naye kwetu. Je, mimi niseme ni sala yangu iliyomkata?"

Nilihisi kama mtu aliyepigwa kofi gizani, asijue limetoka wapi. Nilikuja na dhambi yangu nikidhani ni ya kwangu peke yangu.

"Basi usiniambie," aliendelea, na sasa alikuwa na hasira, macho yamejaa machozi, "usiniambie Mungu amekata mkono wa mtu ili wewe upate kusali. Huyo atakuwa Mungu gani? Mkono ulikatwa na chuma. Na watu wanaotaka jani lisikwame. Mwanangu, mimi nilimpokea mtoto wako kwa mikono hii, nikamtoa kwa mikono hii. Ulimlilia siku ile?"

"Nilimlilia. Katika kile kimya."

"Hilo limekwisha kuwa. Usilirudishe kwa Mungu kana kwamba limeoza."

Mumewe aliingia wakati huo, kutoka shambani, jembe dogo mkono wa kushoto, mkono wa shati wa kulia umekunjwa na kufungwa fundo. Nilimwamkia. Aliniitikia kwa furaha, akaniuliza kama injini ile bado inavuja mafuta upande wa nyuma. Nilisema sijui. Akasema mwambie fundi aangalie mkanda, unalegea wakati wa masika. Hakuna lingine alilosema kuhusu mashine.

Ikafika sala ya alasiri. Mama alichukua maji, akanitazama nimekaa pale sijui pa kwenda.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Sali yako."

Walisali ndani, yeye na mumewe. Mimi nilibaki mkekani mlangoni, na wajukuu wakaendelea na debe lao, na muwa wao, na mmoja akaja akanilalia mgongoni akinivuta kilemba. Nilifumba macho. Nilishangaa kwamba shingo hainikazi. Sikuomba kitu. Nilisema tu, "Bwana, nipo hapa," na mtoto yule akaniuliza sikioni nazungumza na nani.

Tulikaa shambani pale mwaka mmoja zaidi, kisha mume wangu akaacha kazi, tukapata eneo Pangani, hii ya kwetu Kibaha, tukalima mihogo na kunde. Watoto wanne walizaliwa huko na wote wakakua. Mwanzoni mume wangu alikuwa akiamka asubuhi na kutoka nje akasimama, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Nilipomwuliza anasikiliza nini, alisema anasikiliza kama kuna mtu anayeita.